Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya: mlipuko ulikwisha 2020, sisi tuliopona Ebola bado tunaumwa

Kwa waheshimiwa wakubwa wa afya wa jimbo na wa taifa, pamoja na wafadhili mnaokaa nao meza moja,

KUHUSU: matibabu ya waliopona Ebola Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo

Waheshimiwa, pokeeni salamu zangu kwa heshima zote. Mimi ni mama wa hapa Beni, niliugua Ebola 2019 nikapona, na nilipotoka CTE, yaani kile kituo cha matibabu ya Ebola, nikafanya kazi kwenye kreshi, pale tulipokuwa tunalea watoto ambao mama zao wamelazwa, sababu sisi miili yetu ilikuwa imeshapata kinga na hatukuogopa kuwabeba. Hapa kwetu watu walituita washindi. Barua hii naandika hadharani kwa sababu njia za ndani zote tumeshapita. Barua tumepeleka kwa mkono, mabenchi ya kusubiri tumekalia, tukaambiwa mkubwa yuko mkutanoni, siku nyingine tukaambiwa faili imepanda juu, na toka ipande haijashuka.

Tarehe 25 Juni 2020 mlitangaza kwamba mlipuko ule uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina umekwisha. Wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287, waliopona 1,171. Tulimshukuru Mungu, na tuliwashukuru na nyinyi, sababu kazi ilifanyika kweli, chanjo zaidi ya laki 3, waganga walilala kwenye mahema, wengine walikufa kwa ajili yetu na hilo hatutalisahau. Lakini ile tarehe ni ya mlipuko, haikuwa ya ugonjwa ndani ya miili yetu, na hapa ndipo hatuelewani na nyinyi mpaka leo.

Naomba nieleze kidogo, sababu hata baadhi ya watu wa ofisini nimewasikia wanaongea kana kwamba Ebola ni homa ya siku ishirini na moja halafu basi. Hizo siku 21 ni za kusubiri dalili, kuanzia siku 2 mpaka 21 tangu mtu aguse damu au matapishi au jasho au maiti ya mgonjwa. Virusi vikiingia vinaanza kwa homa, kichwa, mwili kuvunjika, kama malaria kabisa, ndio maana wengi walichelewa, halafu kinafuata kutapika na kuharisha mpaka maji yote yanatoka mwilini, ini na figo zinaumia, mishipa ya damu inavuja. Sio kila mgonjwa anatoka damu kama watu wanavyohadithia, wengi wanakufa bila tone kuonekana nje. Anayepona ni yule ambaye kinga ya mwili imeshinda ndani ya damu. Ndani ya damu, nasisitiza hapo. Sababu kuna sehemu za mwili ambapo kinga haiingii kwa nguvu zake zote ili isije ikaziharibu, kama walinzi wanaozunguka nyumba nzima lakini chumba cha wazazi hawakiingii. Sehemu hizo ni ndani ya jicho, kwenye ubongo na uti wa mgongo, kwenye korodani, na kwa mama aliyeugua akiwa mjamzito ni kondo la nyuma. Virusi vinaweza kubaki huko miezi mingi wakati kipimo cha damu kinasema hamna kitu, na mtu anapewa cheti chake, anapigiwa makofi, anarudi nyumbani.

Sasa malalamiko yetu ni haya.

1. Macho. Naanza na hili sababu ndilo linalotumaliza. Kuna mwenzangu tulitoka CTE mwaka mmoja, fundi wa kushona, alikuwa na cherehani yake hapo kwenye baraza na wateja wa kutosha. Wiki chache baada ya kurudi nyumbani jicho moja likawa jekundu, linauma, mwanga wa jua haliwezi, anashona huku amefunga kitenge upande mmoja wa uso. Kipindi kile kliniki ya waliopona bado inafanya kazi, wakamuangalia kwa ile mashine ya kumulika ndani ya jicho wakakuta limevimba ndani, wakampa matone, akapata nafuu. Likarudi tena baada ya muda, lakini safari hii daktari wa macho haji tena, mashine imefungiwa chumbani na mwenye ufunguo hayupo, akaandikiwa ordonansi akanunue matone farmasi kwa pesa yake na farmasi tatu alizopita hawana. Leo jicho lile limefunga weupe, ukimuita kwa upande huo anageuza kichwa chote ndio akuone, na uzi kwenye sindano anatungiwa na mtoto wake wa shule ya msingi akirudi mchana. Kwa hiyo asubuhi nzima kama uzi umekatika kazi imesimama.

Haya sio mambo ya kubuni ya Beni. Liberia walifuatilia waliopona kwa miaka, wakawalinganisha na ndugu na majirani zao ambao hawakuugua, wakakuta uvimbe wa ndani ya jicho kwa waliopona ni kama asilimia 26 na kwa wenzao ni asilimia 12. Yule daktari wa Marekani, Ian Crozier, aliyeugua akiwa kazini Kenema, Sierra Leone, 2014, alitoka hospitali damu safi, wiki kadhaa baadaye jicho likavimba, wakachukua maji ya ndani ya jicho wakakuta virusi vimejaa. Yeye alitibiwa na akaona tena. Mnaona tofauti? Ugonjwa ni uleule na jicho ni lilelile, tofauti ni kwamba yeye alikuwa na daktari siku jicho lilipoanza.

Na mtu asiniambie kuwapasua waliopona ni hatari kwa daktari. Sierra Leone waliwapima kwanza watu 50 waliopona maji ya ndani ya jicho, wote hawakukutwa na virusi, ndipo wakawafanyia wengi wao upasuaji wa mtoto wa jicho na wakaona. Njia ipo, imeandikwa, inafuatwa.

2. Virusi vinavyobaki kwa wanaume, na mnavyolishughulikia jambo hilo kwa kunong'ona. Hili ni gumu kuandika mama kama mimi lakini nitaandika, sababu ukimya wake unaua. Virusi vinaweza kukaa kwenye mbegu za kiume muda mrefu baada ya mtu kupona, kwa wengi ni miezi michache, kwa wachache sana vimekutwa hata baada ya miaka 3. Shirika la Afya Duniani linashauri mwanaume aliyepona aanze kupimwa baada ya miezi 3, kila mwezi, mpaka apate majibu mawili mfululizo yasiyo na virusi, na kama hakuna kipimo atumie kondomu kwa miezi 12. Haya ni maelekezo rahisi. Sasa njooni muone yanavyofanyika. Mume wa mtu anaambiwa aje kutoa kipimo kwenye chumba ambacho mlango haufungi vizuri, kwenye foleni ya watu wa kartié moja, yaani mtaa mmoja, wanaojuana, majibu yanachukua wiki nyingi, mengine hayarudi kabisa. Mke haitwi wala haelezwi, anasikia sokoni. Kondomu zilikuwepo mwanzo, zikaisha pamoja na ofisi ya projé, yaani mradi. Hapo tunategemea nini?

Matokeo tumeyaona wote. Februari 2021, hata mwaka haujaisha tangu mtangaze mwisho, ugonjwa ukarudi upande wa Butembo na mgonjwa wa kwanza alikuwa mke wa mtu aliyepona, watu 12 waliugua na 6 wakafa. Oktoba 2021 ukarudi hapa Beni, 11 waliugua, 9 wakafa. Agosti 2022 tena Beni, mgonjwa mmoja, na wataalamu waliposoma virusi vyenyewe wakakuta ni ukoo wa vile vya 2018. Guinea 2021 ukarudi kutoka virusi vya ule mlipuko wao mkubwa, miaka kama 5 imepita. Na hata kabla hamjatangaza mwisho, kuna kijana wa hukuhuku kwetu aliugua 2019, alikuwa amechanjwa, akatibiwa kwa dawa nzuri, akapona, baada ya kama miezi 6 ugonjwa ukamrudia mwenyewe, na mlolongo uliotoka hapo ulifika watu 91.

Watu 91, waheshimiwa, kutoka kwa mtu mmoja ambaye kama angekuwa na mganga anayemjua na anayemuona kila mwezi, ile homa ya pili ingeshtukiwa mapema. Badala yake kila mara ugonjwa ukirudi mnakuja na magari kututafuta sisi nyumba kwa nyumba, mnatukumbuka kama chanzo. Hamjatukumbuka kama wagonjwa.

3. Viungo, kichwa, masikio, kusahau, figo. Naviweka pamoja sababu hata huko kliniki walikuwa wanaviweka pamoja, wanaandika paracetamol na kukufukuza. Magoti na mabega yanauma asubuhi mpaka mtu hawezi kushika jembe, na hapa kwetu bila jembe hakuna sombe, yaani majani ya muhogo, wala muhogo wenyewe. Wengine masikio yanalia usiku, wengine wanasahau walichotumwa. Guinea walihesabu waliotoka vituoni wakakuta ndani ya mwaka wa kwanza wanakufa kwa wingi mara 5 zaidi ya watu wengine wa rika lao, na wengi wa waliokufa wanadhaniwa figo ziliwaangusha. Kupima figo ni kipimo cha damu cha kawaida kabisa. Nimeuliza wenzangu nani amewahi kupimwa figo tangu kliniki ipungue, wanabaki kuniangalia.

4. Wajawazito. Mama aliyepona Ebola kwanza ndipo akashika mimba hana hatari ya kumuambukiza mkunga, hili Shirika la Afya Duniani limelisema wazi. Lakini binti mmoja wa kwetu alifika kujifungua, walipoona cheti chake cha kupona akawekwa pembeni kwenye korido, kila mmoja anamwambia mwenzake nenda wewe, mpaka mama mkwe wake ndiye aliyempokea mtoto. Mtoto yuko hai, namshukuru Mungu. Lakini kile cheti mlichotupa kitulinde, sasa mama wajawazito wanakificha chini ya godoro. Sikitikeni na hilo tafadhali.

5. Mnavyotutaja. Mkitangaza redioni kwamba mlipuko umetokana na mtu aliyepona na mkaishia hapo, bila kusema kwamba aliyepona akikaa nawe, akila nawe, akikupa mkono haambukizi, mjue mmetuachia sisi kazi ya kujieleza kwa wenye nyumba wanaotufukuza. Na kuna jambo watu wengi hawajui na nyinyi mnalijua vizuri. Dawa ile mAb114 inayoitwa Ebanga ilitokana na kinga iliyochukuliwa kwenye damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit, hapahapa Kongo, ya 1995. Na jaribio lililoonyesha kwamba dawa hiyo na ile nyingine Inmazeb zinafanya kazi lilifanyika kwenye miili yetu sisi, wagonjwa 681 wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, kuanzia Novemba 2018 hadi Agosti 2019. Waliopewa hizo mbili walikufa kama theluthi moja, waliopewa zile nyingine ni karibu nusu au zaidi. Marekani wakaziidhinisha 2020, na zinatumika kama tiba ya Ebola ya aina ya Zaire, ile iliyotupata sisi. Tulitia saini zile karatasi tukiwa hatuwezi hata kukaa, wengine waliwekewa kidole na ndugu yao amesimama nje ya ukuta wa plastiki anaangalia. Hatudai malipo ya damu. Tunachosema ni kwamba watu waliotoa miili yao namna hiyo hawastahili kuambiwa matone ya macho yameisha.

Najua majibu mtakayotoa, tumeshayasikia kwenye mabenchi.

Mtasema pesa zimeisha, wafadhili wamehama. Tunaelewa pesa za riposti, yaani ile kazi ya kupambana na mlipuko, zilikuwa za riposti, na jinsi zilivyotumika watu wa Beni wana maneno yao, siyafungui leo. Lakini hatuombi mahema na magari ya vioo vyeusi. Tunaomba dawa za matone, kipimo cha figo, na daktari wa macho anayepita kwa zamu. Hebu hesabuni gharama ya hayo muweke pembeni ya gharama ya mlipuko mmoja tu kama ule wa Oktoba 2021.

Mtasema kuna magonjwa mengine, surua, kipindupindu, mpox. Kweli, na sisi ndio tunaozika. Surua peke yake kuanzia 2019 mpaka mwanzo wa 2020 iliua watu zaidi ya 6,000 Kongo nzima wakati macho yote yako kwenye Ebola, na wazazi wa hapa walikasirika kwa haki kabisa. Ndio maana hatutaki kliniki yetu peke yetu. Tuingizeni hospitali ya kawaida, ile mashine ya macho imuangalie na bibi mwenye mtoto wa jicho ambaye hajawahi kuona Ebola, faida iwe ya wote.

Mtasema usalama. Hapa siwezi kubishana sana, waasi wa ADF wanachinja watu mashambani, Goma imeshikwa na waasi wa M23 tangu Januari 2025, na kila kitu kimekuwa kigumu. Lakini hospitali za mjini Beni na Butembo zinafanya kazi kila siku, watu wanajifungua, wanapasuliwa. Vita haijafunga farmasi.

Mtasema hatuji kliniki. Mtu anatoka Mangina kwa pikipiki, analipa kwenda na kurudi, anakaa kuanzia asubuhi, saa nane anaambiwa mganga ameenda semina. Atakuja mara ya pili?

Na kuna wa mwisho, yule anayesema maumivu haya hata wasiougua wanayo. Wapo, ndiyo. Ndio maana Liberia waliwalinganisha, na nimeshawapa namba.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, na tunaomba kwa heshima lakini hatuombi kama sadaka. Kwanza huduma ya waliopona iingizwe kwenye bajeti ya kawaida ya hospitali kuu za Beni, Butembo, Mabalako na upande wa Ituri, bure, kwa kadi ambayo haiandikwi Ebola kwa herufi kubwa juu yake. Halafu daktari wa macho apite walau kila miezi mitatu, mashine iwe na mtu anayeijua na ufunguo uwe mahali panapojulikana, matone yawepo muda wote, na wale ambao jicho limeshafunga weupe waorodheshwe kwa ajili ya upasuaji, huyo fundi wa kushona akiwa wa kwanza kama ningeruhusiwa kuchagua. Wanaume wapimwe kwa siri, chumba chenye mlango, majibu kwa muda unaoeleweka, mke na mume waelezwe pamoja na mtu anayeongea lugha yao, na kondomu zisikosekane. Kila aliyepona awe na mganga mmoja anayemjua kwa jina wa kumpigia simu akipata homa, usiku au mchana, na asikemewe akipiga. Wakunga wote wa maeneo yaliyopata mlipuko wafundishwe upya habari ya mimba baada ya Ebola. Na mkitangaza habari zetu redioni, mmoja wetu awe amekaa kwenye kile chumba mnapoandika tangazo.

Tena fikirieni na wenzetu wa Bulape kule Kasai, ule mlipuko wa Septemba 2025, waliugua 64 wakafa 45. Waliobaki hawafiki hata ishirini. Kuwafuatilia watu wachache hivyo hakumshindi mtu, anzeni nao sasa hivi wakati macho yao bado mazima, msisubiri na wao waandike barua.

Tunaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 30, yenye jina la mhusika na tarehe ya kuanza. Mkitaka kukutana na sisi tuko tayari, tutakuja washindi wa Beni, Butembo na Mangina pamoja, na tutaleta orodha ya wenye matatizo ya macho ambayo tumeshaiandaa wenyewe kwa daftari, kila mtu kwa idhini yake. Nakala ya barua hii tunaipeleka kwa wabunge wa jimbo, kwa viongozi wa dini na kwa redio za hapa mjini.

Wenu kwa heshima,

Mama mshindi, kwa niaba ya waliopona Ebola
Beni, Kivu Kaskazini